Daftari la duka ndilo linalouza mahindi yetu mwezi wa sita

#1. Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tuzungumze jambo linaloniuma kila msimu wa mavuno. Mimi nina duka la rejareja kwenye mji mdogo wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, si mbali na Kibaigwa. Ninayoyaandika hapa nayaona kutoka nyuma ya kaunta, mwaka hadi mwaka.

Mavuno yakianza tu, maneno ni yale yale. Wachuuzi wanawapunja wakulima, lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), debe limegongwa, madalali wanakula pande zote mbili. Yote hayo yapo na nitayafikia. Ila kwa ninavyoona mimi, hasara kubwa ya mkulima wa huku haianzii kwenye debe. Inaanza Desemba, miezi sita kabla mchuuzi hajafika uwanjani kwake, na inaandikwa kwenye daftari langu la madeni na la jirani yangu na la kila duka la mtaa huu.

Kwa wasioijua Dodoma: mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili zinakatika. Mtu analima mara moja na kuvuna mara moja, kati ya Mei na Julai. Kilichopatikana hapo ndicho cha kula, cha kuuza na cha mbegu mpaka mwaka mwingine. Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, matrekta mazito na wataalamu wao, na kufikia 1951 ukame na udongo mgumu vilikuwa vimeshaua mradi huo. Sisi tumebaki tukiilima ardhi hiyo kwa jembe, plau la ng'ombe na trekta la kukodi kwa ekari.

Sasa chukua kaya moja ya kawaida. Kufika Desemba mahindi ya ndani yameshuka, na kilimo ndiyo kwanza kinaanza. Hela ya trekta inatakiwa, mbegu inatakiwa. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na begi havijaondolewa. Februari na Machi palizi imepamba moto, mtu yuko shambani kutwa nzima, na nyumbani hakuna hata shilingi. Ndipo mtoto anatumwa kwangu: "Mama kasema umpe robo ya sukari na mafuta ya mia tano, uandike."

Naandika. Daftari langu lina kava gumu, kila familia na ukurasa wake. Jina juu, tarehe kushoto, kitu katikati, bei kulia. Robo ya sukari. Kipande cha sabuni. Mafuta ya kupima. Kibiriti. Unga kilo mbili. Chumvi. Dawa ya kichwa. Ukisoma ukurasa mmoja kuanzia Desemba hadi Mei unaijua ile nyumba kuliko mwenyekiti wa kitongoji anavyoijua. Unaona wiki mtoto alipougua, unaona siku mgeni alipokuja wakachukua mchele, unaona tarehe walipoacha sukari kabisa. Hakuna sahihi wala shahidi. Mteja anasimama, naandika akiona, namsomea jumla, anaitikia.

Na mimi pia nadaiwa, jambo watu wengi wasilolijua. Duka la jumla linanipa mzigo mali kauli: katoni za sabuni, mifuko ya sukari, dumu za mafuta. Nachukua leo, nalipa nikishauza. Mwenye duka la jumla naye kachukua kwa mwenye ghala Dodoma au Morogoro. Kwa hiyo ile robo ya sukari ya yule mtoto imebebwa na madeni ya watu wanne, na wote wanne wanangoja kitu kimoja: mahindi na alizeti ya huyo mkulima aliye shambani anapalilia.

Mahindi yakikauka tu, simu zinaanza kutoka juu kushuka chini. Wa Dodoma anampigia wa jumla, wa jumla ananipigia mimi, mimi nampigia mteja. Wote kwa wiki hizo hizo. Na hapo ndipo wilaya nzima inaingiza mahindi sokoni kwa wakati mmoja, na bei inaporomoka.

Nipige hesabu ya mfano tu, kila mtu aweke bei za kwao. Tuseme deni ni Sh 120,000. Juni mahindi ni Sh 500 kwa kilo, Februari ni Sh 800. Kulipa deni Juni mkulima anatoa kilo 240. Angelilipa Februari angetoa kilo 150. Tofauti ni kilo 90, karibu gunia zima, limekwenda kwa sababu ya mwezi tu.

Sasa weka na debe. Debe la mahindi makavu ni kama kilo 18. La mchuuzi limegongwa kwa ndani mpaka tumbo limetoka nje, tena linajazwa mpaka yamwagike pembeni, linabeba kilo 20. Anakulipa la kilo 18. Kwenye zile kilo 240 utakuwa umemwongezea kama kilo 27 za bure. Ni wizi, sikatai. Lakini kilo 27 na kilo 90, ipi kubwa? Na tunayoipigia kelele kila mwaka ni ile ndogo.

Tena ile ndogo dawa yake ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapita. Kibaigwa kuna soko kubwa la nafaka ambako mahindi yanawekwa kwenye mizani, wanunuzi wanatoka Dar, Arusha mpaka Kenya. Mizani iko pale. Kwa nini basi mtu wa kijiji kilicho mwendo mfupi tu kutoka Kibaigwa auze kwa debe uwanjani kwake? Kwa sababu hela inatakiwa leo. Kukodi gari, kupakia, kulala sokoni ukingoja mnunuzi, ni mambo ya mtu asiyedaiwa.

Nimeanza jambo dukani kwangu na ningependa kusikia wengine wanasemaje. Nimewaambia wateja wa daftari wagawe deni mara mbili: nusu wanilipe Julai, nusu Oktoba baada ya bei kuanza kupanda. Ili niweze hivyo ilibidi nizungumze na mwenye duka la jumla, akakubali kuningojea kwa nusu ya mzigo wake, kwa sharti kwamba bidhaa za kasi kama sukari nilipe taslimu. Si ukombozi wa dunia. Lakini wapo ambao mwaka huu gunia mbili tatu zimebaki ndani mpaka bei ikapanda, na kwa mazoea ya huku hizo zingeondoka Juni.

Kwenu mnafanyaje? Wenye maduka, wachuuzi, wakulima, karibuni.

#2. Mchuuzi wa nafaka, Gairo

Mama, umeandika vizuri na hujatutukana, nashukuru. Ngoja na mimi niseme ya upande wetu, maana sisi tunasemwa tu.

Mtaji si wangu. Nina tajiri wangu Tandale, Dar, ananitumia hela kwa simu, mimi nakusanya, ananilipa kwa gunia. Nikichelewa kujaza gari, gari linanidai. Ukiondoa bei ya mahindi kuna kupukuchua, kuna mifuko, kuna nyuzi na mshonaji, kuna kirikuu (gari dogo la mizigo) la kutoa kijijini mpaka barabarani, kuna wapakiaji, kuna dalali wa huko ninakoshusha, kuna ushuru. Mtu anaona tofauti ya bei ya kijijini na ya mjini anadhani yote inaingia mfukoni kwangu.

Halafu kuna maji. Mahindi ya mwanzoni mwa Juni hayajakauka. Nikinunua kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18, yakifika asilimia 13 yanayotakiwa kiwandani, nimebaki na kilo 94 na ushee. Karibu kilo 6 zimepaa hewani. Wenzangu wengi wanalipiza kwenye debe. Mimi kuna vijiji nanunua kwa mizani ya kuning'iniza, na nikiona mahindi mabichi nashusha bei waziwazi, tunabishana, tunaelewana. Inawezekana. Ila mkulima mwenyewe mara nyingine anakataa mizani, anasema debe analijua, mizani nimeichezea.

Hilo la madeni ni kweli tupu. Huwa namjua anayedaiwa kabla hajafungua mdomo. Hapangi bei. Anauliza tu, "Una hela hapo ulipo?" Na tangu zilipoingia tozo za miamala Julai 2021, hata baada ya kupunguzwa, wengi vijijini wakang'ang'ania taslimu mkononi, na mimi nikawa natembea na hela porini. Hatari yake mnaijua.

#3. Mkulima, Ilula

Nawasoma kutoka Iringa. Mada nzuri, ila dawa yenu ya kungoja Oktoba sisi haitufai. Nyanya haingoji hata keshokutwa. Nikivuna Jumatatu, Jumatano imeshalainika. Bei ya asubuhi na bei ya saa nane ni vitu viwili tofauti, yanaingia malori matatu inapanda, yasipokuja unauza tenga kwa hela ya kununulia tenga lenyewe.

Deni letu halipo kwenye duka la sukari. Lipo kwenye duka la pembejeo. Anakupa mbegu, mbolea na dawa za ukungu mali kauli, maana nyanya bila dawa wiki mbili imekwisha. Sharti ni kwamba mavuno yapitie kwake. Kwa hiyo anayekudai ndiye dalali wako. Anakuambia leo soko limekufa Dar, utamwuliza nani? Siku hizi afadhali kidogo, unampigia kijana aliyeko sokoni Dar unapata bei mwenyewe. Lakini ukishaijua bei na deni liko palepale, unafanya nini?

Kilichotusaidia watu wa mtaa wangu ni kupishana kupanda. Wote tukipanda mwezi mmoja tunauana. Tulikaa tukakubaliana nani aanze, nani afuate, na wenye pampu za mtoni wabaki kiangazi. Wanaovunja makubaliano wapo kila mwaka, hasa wakiona mwenzao kapata. Hata hivyo ni nafuu.

#4. Mama lishe, stendi

Dada mwenye mada, mimi niko kwenye mji mdogo wa barabara hiyo hiyo yenu, napika stendi. Wateja wangu ni makuli wa kupakia nafaka, madereva, makondakta, vijana wa bodaboda na watu wa mnada siku ya mnada.

Kuli anakula kwa kuandikwa. Asubuhi chapati na maharage, mchana ugali na mlenda au nyama, anasema "nitakupa jioni tukimaliza gari." Gari lisipopakiwa sipewi. Kwa hiyo bei ya mahindi ikianguka mpaka wakulima wakazuia, mimi ndiye wa kwanza kujua, maana sufuria linarudi na chakula. Na tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, abiria wa mabasi wa kushuka kula wamepungua kwangu, reli haipiti huku. Malori ndiyo yaliyonibakiza.

Nilichotaka kusema ni kuhusu vikoba. Kikundi chetu ni cha wanawake, wengine wana mashamba, wengine wachuuzi wa mboga, mmoja anauza mitumba minadani. Tunakutana kila wiki, tunanunua hisa, kisanduku kina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu wasiokaa nyumba moja. Miaka yote tulikuwa tunavunja kikoba Julai, wakati kila mtu ana hela ya mavuno. Tunagawana, hela inaingia kwenye hela, vitenge, sherehe, bati mbili tatu, kwisha. Mwenzetu mmoja akauliza: kwa nini tunagawana wakati wa shibe? Tukahamisha, siku hizi tunavunja katikati ya Januari. Hisa nyingi zinanunuliwa Juni hadi Septemba watu wakiwa nazo, na mgawo unakuja wakati wa sare za shule na palizi. Wanachama wetu kwenye daftari za maduka wamepungua sana, na aliyebaki anadaiwa kidogo.

Ilikuwa kazi kuwashawishi. Miezi ya mwanzo watu walinuna kwa kuona Julai imepita hawajashika hela. Ilipofika Januari wakaelewa bila hotuba.

#5. Msomaji wa Kenya

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nafuatilia kutoka Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Mahindi yenu yanatufikia sana, na Machi 2021 serikali yetu iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ilikuwa siku chache tu lakini sokoni watu walihangaika.

Mambo yenu ni yetu. Huku kipimo cha rejareja ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Mwuzaji akikupimia anaweza kuubonyeza kitako uingie ndani, ukarudi nyumbani na pungufu. Na gunia letu la mahindi ni kilo 90, lenu kilo 100, kwa hivyo mkulima wa mpakani akiambiwa "bei ya gunia" lazima aulize gunia la nani. Nimeona watu wakikosana kabisa kwa jambo hilo, kila mmoja akiwa na haki yake.

Hilo la kugawana pesa Januari nimelichukua. Chama chetu huwa tunagawana Desemba kabla ya Krismasi, na mnajua zinakoenda.

#6. Bwana shamba mstaafu

Nawapongeza wote. Naomba niongeze tahadhari, kwa sababu mleta mada anawaambia watu watunze mahindi mpaka Oktoba au Februari, na hilo ni jema kama yametunzwa sawasawa. Yasipotunzwa sawasawa mtu atazika mali yake, au atazika mtu.

Sisemi kwa kutisha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, pamoja na jirani zenu wa Kiteto. Kuvu wanaotoa sumu hiyo huota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, zilizoanikwa juu ya udongo au kunyeshewa zikiwa zimekatwa. Kupika hakuiondoi. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizokunjamana na zenye ukungu kunapunguza sana, na hizo punje msiwape kuku wala kusaga "za kupikia pombe".

Anikeni juu ya turubai, si chini. Kupiga mahindi ndani ya gunia kwa fimbo kunavunja punje na kufungua mlango wa kuvu. Mashine ya kupukuchua ikiwa imerekebishwa vizuri ni bora.

Kujua kama yamekauka, si lazima kifaa cha gharama. Chukua chupa ya kioo safi iliyokauka. Weka mahindi mpaka kama theluthi moja yake, yaani yasijae. Tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, chumvi uliyoianika juani kwanza. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisheni juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki kisafi, yamefika pa kuhifadhiwa.

Halafu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi. Huyu alionekana nchini kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Amerika ya Kati, akaenea na usafirishaji wa mahindi. Anatoboa hata kuta za kihenge. Wengi mnauza Juni si kwa deni tu, mnauza kwa kumwogopa yeye. Ile mifuko ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, inafanya kazi bila dawa yoyote: wadudu wanakosa hewa wanakufa. Sharti ni mbili. Mahindi yawe makavu kweli, na kila nailoni ifungwe peke yake, ikazwe, hewa isibaki. Mkiufungua fungua kila siku kuchota debe, mmeuharibu. Fungueni mfuko mmoja, mmalize, ndipo mguse mwingine. Na muilinde na panya, tundu moja tu linatosha kuharibu kila kitu.

#7. Mkazi wa kijiji, Kongwa

Mama mwenye mada, nakuheshimu, lakini nikuulize mbele ya watu. Nyie wenye maduka si ndio wenye bei mbili? Taslimu bei hii, ya kuandikwa bei ile. Mtu anachukua sukari Februari, anaikuta imepanda kwenye daftari Juni. Na wengine wanapokea mahindi moja kwa moja kulipia deni, kwa debe lao wenyewe, kwa bei wanayoipanga wenyewe. Nimeliona duka moja, jina silitaji, stoo imejaa mahindi ya madeni yakingoja Februari. Kwa hiyo aliyengojea bei ipande ni mwenye duka.

#8. Mleta mada

Mkazi wa Kongwa, swali lako ni la haki na nashukuru umeuliza hadharani. Maduka ya namna hiyo yapo. Kupokea mahindi kwa debe la dukani kwa bei ya dukani ni kumkaba mtu aliyekukimbilia akiwa na shida, na sioni namna ya kulitetea. Kama mwenye duka anataka kulipwa mahindi, yaende kwenye mizani, na bei iwe ya soko la siku hiyo. Bei ya Kibaigwa inajulikana kwa simu moja tu.

Kwangu bei ni moja. Siwezi kukopesha kila kitu kwa kila mtu, kwa hiyo kila nyumba ina kiwango chake, na tumekubaliana tangu mwanzo. Sigara, pombe na vocha siandiki. Dawa na unga siwahi kumnyima mtu hata akiwa amepita kiwango. Na deni kubwa halimfaidishi mwenye duka kama watu wanavyodhani. Mtu akishadaiwa sana haoni tena njia ya kupita mbele ya duka lako. Anazungukia nyuma ya mashine ya kusaga, na siku akipata taslimu anakwenda kununua duka lingine kwa aibu. Unapoteza deni na mteja kwa pamoja. Afadhali nikudai kidogo, upite, tusalimiane, ununue.

Mchuuzi wa Gairo, hilo la kilo 6 za maji sikulijua kwa hesabu, na nimelibandika ukutani dukani. Wakulima wakilijua wataelewa kwa nini mahindi makavu ni haki kulipwa zaidi, na wewe utakosa sababu ya kugonga debe.

Ndugu wa Ilula, umenifikirisha. Kwenye nyanya mwezi hauwezi kusogezwa, kwa hiyo kinachobaki ni deni la pembejeo, na hapo naona lile wazo la mama lishe ndilo linalowafaa kuliko langu. Kikoba kinachovunjwa wiki mbili kabla ya kununua mbegu na dawa. Mtu anayeingia duka la pembejeo na nusu ya hela mkononi hawezi kuambiwa mavuno yote yapitie kwa mwenye duka.

Mama lishe, nimelipeleka jambo lako kwenye kikundi chetu cha kanisani. Wazee wamesema tulijadili. Akina mama wameshaanza kuhesabu.

Bwana shamba, nimefanya ile ya chumvi hapa dukani mbele ya wateja, na chupa ya soda. Mahindi ya mzee mmoja aliyeapa yamekauka, chumvi iliganda kioo kizima. Ameyarudisha kwenye turubai.

#9. Mkazi wa kijiji, Kongwa

Umejibu kiungwana. Basi niulize la kufanya. Mimi na majirani zangu tuna gunia sita kati yetu, tunataka tuzipeleke Kibaigwa tusiuze uwanjani. Tunaogopa ushuru njiani na gharama ya gari. Inalipa kweli?

#10. Mleta mada

Gunia sita za kilo mia ni kilo 600. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja ukaondolewa ushuru wa kuvuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nyie hata halmashauri hamvuki. Na ushuru wa mazao unamhusu mnunuzi, si mkulima, kwa hiyo sokoni msikubali kukatwa kwenye bei yenu bila kuonyeshwa stakabadhi.

Gari ndiyo hesabu yenyewe. Kirikuu likienda na gunia sita za watu watatu, kila mmoja analipa kidogo. Likienda na gunia moja halilipi, bora uuze uwanjani kwa mizani ya kuning'iniza. Pigeni simu sokoni jioni ya kabla, mjue bei, muondoke alfajiri muwahi wanunuzi kabla jua halijawa kali.

Tuna gari linatoka hapa mtaani Alhamisi na lina nafasi ya gunia nane. Anayetaka aje aandike jina dukani kabla ya Jumatano jioni. Gunia liwe limeshonwa, si kufungwa kwa kamba, liandikwe jina kwa maka pen pande zote mbili, na mwenye mzigo au mtu wake wa nyumbani asafiri nao asimame mwenyewe kwenye mizani.